Mwaka wa Maua ya Saa Sita

Habari ya kifo cha Kambale ilinikuta nikichambua maharagwe barazani kwangu, hapa Butembo, maharagwe ya Musienene yenye vijiwe vingi kama kawaida yao. Aliyepiga simu ni Espérance, binamu yangu anayeishi Beni. Alianza kwa kuuliza watoto, akauliza mvua, akauliza na mguu wangu unaouma, na mtu akianza kukuuliza mguu asubuhi namna ile ujue analo jambo. “Unakumbuka Kambale, ule wa kwa shemasi?” Nikamjibu, “Namukumbuka.” Akasema, “Alitutoka jana.” Nilimshukuru kwa kunijulisha, nikaweka simu chini, nikaendelea na maharagwe yangu, na nilipokuja kutazama ungo niliona nimerudisha vijiwe vyote palepale vilipokuwa. Mimi ni bibi sasa. Niliolewa, nikazaa, nikamzika mume mwema ambaye sina neno baya juu yake. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikaa Beni mwaka mmoja, na mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa mke wa Kambale. Nilikitaka mchana kweupe, na mtaa mzima ulijua.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapata kazi ya kufundisha darasa la pili Beni, nikapelekwa kukaa kwa Mama Mukubwa, dada yake mama yangu, aliyekuwa mjane na mama wa Espérance. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na salon, na katika salon kulikuwa na viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa uzi mweupe, ambavyo tulikatazwa kuvikalia isipokuwa padri amekuja. Maisha yenyewe yalikuwa nyuma, uani, kati ya jiko la mkaa na kisima, chini ya kichanja cha miti kilichofunikwa chote na marakuja. Watu husema mti wa marakuja, yaani pasheni, lakini si mti. Ni mmea unaotambaa, hauna mgongo wake wenyewe, na hupanda kwa vikono vyembamba vinavyotoka kwenye kila pingili, vikapapasa hewani mpaka vikute kitu, kisha vikajisokota. Vilishika kamba ya nguo, vilishika dirisha la chumba changu, siku moja vilishika mpini wa ufagio ambao Espérance, kwa uvivu wake, aliuacha umeegemea pale tangu Jumatatu. Majani yake yana vidole vitatu, na penye shina la kila jani kuna vinundu viwili vinavyotoa maji matamu, kwa hiyo sisimizi walikuwa wakipita juu ya vichwa vyetu kutwa nzima kwenda kunywa, na mara mojamoja walituangukia ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Nilijiona najua marakuja. Kwetu Butembo, penye baridi, tunayo ile ya zambarau, ambayo maua yake hufunguka alfajiri, watu wakienda misa ya kwanza, na kabla ya adhuhuri yamekwisha jikunja. Basi wiki yangu ya kwanza Beni kila asubuhi nilitazama juu, nikaona vichipukizi vya kijani vimefumba, nikamwambia Mama Mukubwa marakuja yake ni mgonjwa. Alinicheka mpaka akashika kiuno. “Weye mutu ya Butembo, unamuamsha mutu mbele ya saa yake! Ngoja saa sita.” Saa sita mchana nilirudi kutoka shuleni na chaki mikononi, nikakuta kichanja chote kimefunguka. Ile ya Beni ni ya manjano, ya nchi ya joto, na maua yake hungoja jua la utosini, hukaa wazi mpaka jioni, kisha basi. Ua moja lina mchana mmoja tu wa maisha. Nilisimama pale na njaa yangu. Yalikuwa makubwa kuliko ya kwetu, meupe, na katikati yana duara la nyuzi nyingi zenye mawimbi, zambarau kwa ndani na nyeupe kwa nje, na harufu yake iliingia hadi chumbani, ikakaa kwenye mashuka.

Mama Mukubwa alinisomea ua lile kama katekisimu. Nyuzi ni taji la miiba. Vile vitano vyenye unga wa manjano ni madonda matano. Vile vitatu vya juu kabisa, vyenye vichwa vya mviringo, ni misumari. Na kwa sababu hiyo padri wa zamani aliupanda mmea ule nyuma ya nyumba ya mapadri, na Pasaka moja akakata vipande vya shina, akawagawia kina mama wote wa shirika letu, yaani zile familia jirani zinazosali pamoja, kila nyumba kipande kimoja. Mti mmoja, mwili mmoja, alisema. Kina mama walipanda, wakamwagilia, wakajenga vichanja. Marakuja zikashika, zikapanda, zikatoa maua kupita kiasi. Matunda hakuna. Hata moja. Kila jioni maua yalijikunja, kesho yake yakadondoka uani, na sisi tukayafagia. Kuanzia Pasaka ile hadi nilipofika mimi ilikuwa imepita miaka, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema udongo. Wengine walisema jicho la mtu, wakaanza kumtazama vibaya mama mmoja aliyekuwa na mkono mzuri wa kupanda. Walikuwa wamefanya novena mara mbili. Mama Mukubwa alisema pengine Mungu anataka maua tu, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka juisi.

Kambale aliingia uani kwetu akitafuta maji. Ng'ambo ya barabara alikaa baba yake mdogo, shemasi wa Kiprotestanti, mtu mrefu mwenye koti hata penye joto lile, ndiye aliyesimama mahali pa baba yake baada ya baba yake kufa. Kambale mwenyewe alikaa Mutwanga kwa mama yake, chini ya Rwenzori, na kila Jumatano na Jumamosi alishuka na pickup iliyoleta papaïne, ule utomvu uliokaushwa wa mipapai, kwa wanunuzi wa Beni. Redieta ya pickup ilikuwa inavuja, ndiyo maana ya maji. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alimwamkia Mama Mukubwa kwa mikono miwili, akajaza bidon yake, kisha akatazama juu ya kichanja akasahau kuondoka. “Mama, hii hapana zaa?” Mama Mukubwa akajibu kwa ukali wa mtu aliyeguswa penye kidonda: “Juu ya nini unauliza? Kwenu banazaa?” “Kwetu zinazaa mpaka tunapea nguruwe. Mais mama yangu alipanda mbegu. Kila moja ni mutu yake.” Akauliza hii ilitoka wapi, na ile ya jirani, na ya jirani wa jirani. Alipoelezwa alianza kucheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anayeona mlango ulikuwa wazi siku zote. “Donc yote ni mutu mumoja! Mulimukata vipande, mukamupanda kila parcelle, mais ni yeye tu. Ataoana na nani?” Mama Mukubwa akashusha mwiko. “Njo kusema padri alituletea ukoo moja?” “Eh, mama. Kaka na dada bote.” Na kwetu sisi Wanande, hilo halikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Hakuna anayeoa ndani ya ukoo wake, na mmea wa manjano nao, kumbe, una adabu hiyohiyo. Unga wa ua lake haukubaliwi na ua la shina lilelile, hata likipandwa upande wa pili wa mji. Ile ya zambarau ya kwetu haina masharti hayo. Inajizalia peke yake.

Jumamosi iliyofuata alikuja na maua. Aliyabeba katika bakuli la plastiki lenye kifuniko, juu ya jani la mgomba lililoloweshwa, na dereva wake alinung'unika njia nzima, kwa sababu ilibidi pickup ingoje Mutwanga mpaka maua yafunguke saa sita ndipo iondoke. Walifika saa tisa. Mimi nilikuwa nimeoga tangu saa nane na kuvaa kitenge changu cha Jumapili, na Espérance alikuwa amekwisha kunitania mpaka amechoka. Kambale alipanda juu ya meza ya jikoni, mimi nikapanda juu ya kiti, akanionyesha. Unachukua ua la Mutwanga, unapakaza unga wake kwenye vile vichwa vitatu vya ua la Beni. Lakini aliniambia ningoje, nitazame kwanza. Ua likifunguka tu, vichwa vile vimesimama wima, mbali na kila kitu. Halafu polepole vinainama, shingo inapinda, mpaka vinafika chini penye unga, na nyuki yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao akipita hapo mgongo wake unavigusa. Kuna maua, akasema, yasiyoinama kabisa, yanakaa wima mpaka jioni, na hayo hata uyaletee nani hayazai. “Hii imeinama,” akasema, na akanipa ua. Nikapakaza unga kwenye kidole changu, kwenye pua, kila mahali ila panapotakiwa. Hakunicheka. Alinishika kifundo cha mkono, akakiongoza, na sisimizi wakatupandia, na Mama Mukubwa kutoka kwenye jiko akauliza kwa sauti kubwa kama ua moja linahitaji watu wawili.

Siku chache baadaye yale maua yote tuliyoyagusa yalikuwa yameacha kitu nyuma, kitu cha kijani, kidogo kama punje ya njegere, kimeshikilia shina. Mama Mukubwa alikigusa kwa ncha ya kidole, akasema “Wasingya,” asante, kwa Kinande chetu, bila kutaja anamshukuru nani. Kabla ya wiki kwisha shirika zima lilikuwa limejua. Nimeona mengi, lakini sijaona tena kina mama wa Rozari wakisimama barabarani kungoja pickup ya Mprotestanti, kila mmoja na bakuli lake. Shemasi ng'ambo alitoka na koti lake, akatazama, akasema kwa upole wake: “Hiyo ya misumari na taji, Biblia haisemi. Mais hii ya kuoana, ni kweli, Mungu njo alipanga.” Mama mwenye mkono mzuri wa kupanda alianza kuamkiwa tena. Na Kambale, kwa sababu alikuwa na busara, alileta pia mbegu, akapanda mche mmoja wa Mutwanga kati ya kila nyumba mbili, ili nyuki wafanye kazi hiyo wenyewe siku yeye hatakuwapo. Nakumbuka alivyosema maneno hayo, siku mimi sitakuwapo, akifuta mikono kwenye suruali, na mimi sikuyajali. Nilidhani anazungumzia msimu wa mvua, barabara ikiharibika.

Nimekaa miaka mingi nikijiuliza kwa nini mwaka ule umekaa ndani yangu na mingine, yenye mambo makubwa zaidi, imepita. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa na saa yetu. Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tisa mpaka jua linapolala kwenye mabati, uani, mbele ya watu, hakuna aliyetukataza chochote kwa sababu tulikuwa tunafanya kazi. Tulizungumza vitu vya kawaida. Alinieleza theluji ya Rwenzori, ambayo huonekana asubuhi tu kabla ya mawingu, na askari wa mbuga waliomfukuza mama yake asikate kuni. Nilimweleza wanafunzi wangu, na ukungu wa Butembo, na jinsi tunavyokunywa chai na blanketi mabegani. Alitaka kuuona ukungu huo. Matunda yalipoiva tulijifunza kwamba marakuja haichumwi, huokotwa. Ikiwa tayari inajiachia yenyewe, na ukiivumilia mpaka ngozi ijikunje ndipo inakuwa tamu. Asubuhi niliyasikia yakidondoka uani, nikiwa bado kitandani, na nilitabasamu peke yangu gizani kama mjinga. Namtamani bado. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna tena wa kumuumiza.

Basi wakaja kuniposa. Shemasi alikuja na wazee wawili wa kanisa lake, na kwa upande wetu aliitwa baba yangu mdogo kutoka Butembo, maana mambo hayo hayasemwi na mwanamke peke yake. Vile viti vya vitambaa vyeupe vilikaliwa. Mimi nilikuwa jikoni, mahali pa msichana anayeposwa, na kati ya jiko na salon kulikuwa na pazia tu. Tulipika samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge, wakubwa, kila mzee kichwa chake, na fufu, na lengalenga, ule mchicha wetu, iliyotiwa karanga, na juisi ya marakuja majagi mawili. Nilisikia wakila. Nilisikia wakisifu. Nilisikia shemasi akisema, “En tout cas, hii mutoto anajua kupika,” na Espérance akanifinya mkono mpaka ukauma. Mbuzi walikubaliwa bila shida, sijawahi kusikia watu wakikubaliana mbuzi haraka namna ile. Kisha sauti zikashuka, na mmoja wa wale wazee akauliza kwa heshima ni lini nitaenda kubatizwa mtoni. Baba mdogo akasema, “Alishabatizwa.” “Alimwagiliwa maji kidogo ku kichwa, baba, akiwa mutoto, bila kujua kitu. Kwetu anaingia maji muzima, anatoka.” Hapo Mama Mukubwa, ambaye hakupaswa kusema, akasema: “Maji ya Mungu, banaipima na ndoo?” Mtu akacheka, nadhani ni shemasi. Lakini hakuondoa neno. Kwake, bila mto hakuna ndoa kanisani, na bila ndoa kanisani yeye mwenyewe angevuliwa ushemasi. Kwetu, kubatizwa mara ya pili ni kumwambia Mungu mara ya kwanza alidanganya. Kambale akaomba ruhusa ya kusema, akasema yeye yuko tayari kuoana mbele ya padri. Shemasi akauliza taratibu, “Na mama yako, utamwambia nini?” Mama yake alikuwa na huyo mmoja tu, naye alikuwa wa kanisa lilelile la shemasi. Nilisikia jagi likiwekwa mezani.

Posa ikaishia hapo, na hakuna aliyegombana. Laiti wangegombana, mtu angepata wa kumlaumu. Waliagana vizuri, wakasindikizana mpaka barabarani, Mama Mukubwa akawafungia wazee marakuja katika majani ya mgomba waende nazo kwa wake zao. Watu walewale walioelewa mara moja kwamba mmea hauwezi kuzaa na ukoo wake, wakafurahi, wakacheka, wakapanda mbegu za watu wengine kwenye viwanja vyao, hawakuweza kulivusha jambo hilo hatua moja kutoka uani hadi salon. Siwacheki. Walikuwa watu wema, na kila mmoja alikuwa na roho yake ya kuokoa. Jumatano Kambale alikuja kama kawaida, na bakuli, ingawa ile miche ya Mutwanga ilikuwa imeanza kutoa maua yake na kazi yetu haikuwa na maana tena. Tulikaa kwenye ukingo wa kisima. Aliniambia, “Nikikuomba tukimbie, utakuya.” Nikasema, “Nitakuya.” Akasema, “Njo maana mimi hapana kukuomba.” Alikuwa amelia njiani, vumbi lilikuwa na michirizi. Nilimfuta kwa pembe ya kitenge changu, mbele ya Mama Mukubwa, na Mama Mukubwa akageukia sufuria zake akajifanya hazitaki kuachwa. Mwaka wa shule ulipokwisha baba mdogo alikuja kunichukua. Miaka miwili baadaye niliolewa hapa Butembo, kanisani, kwa furaha ya kutosha, na nilisikia kwamba naye ameoa huko Mutwanga.

Nilikwenda matangani. Espérance alinipokea stendi, tukaenda moja kwa moja msibani, maana vita vilikuwa vimewasukuma Kambale na familia yake kutoka Mutwanga na walikuwa wamepanga nyumba Beni, mtaa ambao sikuujua. Waprotestanti hawana rozari, wana nyimbo, na kwaya ilikuwa inaimba tulipoingia. Ndani ya ua kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka kwa mpangilio wake: mjane ukutani, binti zake kando yake, dada za marehemu, mashemeji, kina mama wa kanisa, na karibu na lango majirani na wapitaji. Hao wa ukutani ndio wanaolia kwa sauti. Wengine huinamisha kichwa. Kilio kina wenyewe. Nilikaa langoni, nikainamisha kichwa, nikajikaza, na nilijikaza vizuri, kwa sababu nina mazoezi ya miaka mingi. Baada ya muda msichana mmoja alikuja kuniita. Mjane alikuwa ameniona. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Mama mnene, mwenye macho mekundu na kilemba kilicholegea, aliyenitazama bila haraka.

“Mama, unatoka wapi?”

“Butembo.”

“Ulijuana na yeye namna gani?”

“Nilikuwa jirani yake hapa Beni,” nikasema. “Zamani. Mwaka moja tu.”

Alinitazama tena. Sijui alijua nini, wala aliambiwa nini katika miaka yao yote, na sikuuliza. “Mwaka moja,” akasema. “Ni mingi.” Akawasogeza binti zake kwa mkono, akajisogeza yeye mwenyewe mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akapigapiga mkeka pale palipobaki nafasi.

“Kaa hapa, mama. Hapa njo banalia.”

Nikakaa. Nikalitaja jina la Kambale kwa sauti, mbele ya watu wote, nikalia.